Karatasi Zenye Bismillahi

Thuwaiba hakuwa na ugomvi na mtu asubuhi ile. Ugomvi wake ulikuwa na ukungu. Ukuta wa chumba cha kulala, ghorofa ya tisa hapo mtaa wa Ladywood, ughaibuni, ulikuwa ukitoka maji tangu mwezi wa kumi uingie, na maji hayo yameteremka mpaka chini ya kitanda, kwenye maboksi ya mumewe, Hafidh. Jumapili ilikuwa zamu yake ya kuwapokea wanawake wa kisomo. Na wanawake wa kisomo ndio hao: mdomo unasoma Yasini, macho yanakagua nyumba.

Aliyavuta maboksi yote matatu. Mawili yalikuwa mazima. La tatu lilikuwa limeoza ubavu mmoja, karatasi zimegandana na kuota madoa meusi. Zilikuwa karatasi za mwanzo kabisa za utafiti wa Hafidh, za miaka minne nyuma, na alishamsikia mwenyewe akisema zote zimeingia kwenye kompyuta. Lakini Hafidh si mtu wa kutupa karatasi. Hata tiketi ya basi huiweka. Angemwuliza, angemjibu aziache. Basi hakumwuliza. Hafidh alikuwa amebakiza miezi miwili tu akabidhi tasnifu yake, arudi nyumbani na udaktari wake, akakalie ile kazi ya kufundisha aliyowekewa, na Thuwaiba hakutaka kumtia kichwani jambo jingine lolote.

Tabu ilikuwa pa kuzitupa. Hafidh aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa na babu yake, kwa kuwa mkono wake ulikuwa mwepesi zaidi huko. Na juu ya kila ukurasa, kabla ya neno lolote, aliandika Bismillahi. Chini yake zilikuwa habari za askari wa Kirumi na watawa wa Kikristo, lakini juu palikuwa na jina la Mungu, na karatasi yenye jina la Mungu haiendi jaani pamoja na maganda ya viazi na nepi za watu. Siku zote Thuwaiba alizipeleka karatasi za namna hiyo msikitini. Palikuwa na boksi pale la misahafu iliyochakaa na karatasi za chuoni, wanakosoma watoto Kurani. Likijaa, wanaume wanakwenda kuzizika. Lakini Bwana Haidari, mwenyekiti wa jumuiya yao, aliliondoa boksi hilo katikati ya kiangazi. Ulikuwa umepita mwaka na kitu tangu mabomu ya London, na polisi walikuwa wakiingia nyumba za watu kila wiki. "Mimi siwezi kujua nani atatia nini mle," alisema, na hakuna aliyembishia.

Ilibaki njia ya bibi yake, ambayo ni kuzitia majini. Alipokwisha kumfikisha binti yao Rehana skuli alirudi, akachukua foronya nyeupe aliyoipiga pasi, maana mfuko wa taka ulikuwa hauna adabu, akazitia karatasi ndani. Akaokota mawe matano kwenye kitalu cha maua chini ya jengo, akayatia pia, ili foronya isije ikaelea na Bismillahi ikasukumwa na mabata baina ya makopo ya bia. Akaifunga kwa kamba. Akashuka kwenye mfereji ule wa zamani wa mashua za makaa, akasimama karibu na daraja, akatazama kulia na kushoto kwa haya tu ya kuonekana, akanong'ona dua yake na kuiachia.

Ng'ambo ya pili mwanamume mwenye mbwa alisimama. Thuwaiba alimtabasamia. Yule bwana hakutabasamu.

*

Polisi walikuja Alhamisi, alfajiri, Hafidh yuko juu ya msala anasali. Hawakuupiga mlango teke kama watu wanavyosimulia. Waligonga, kisha wakaingia wote kwa pamoja, na nyumba ikawa haina hewa. Rehana alitoka na nguo za kulalia, miaka minane, akasema, "Mum, they've got shoes on." Hilo ndilo aliloliona yeye, kwamba watu wamevaa viatu ndani.

Hafidh aliomba avae soksi. Walimruhusu. Aliinama kuzivaa, na Thuwaiba akaona soksi ya kushoto imekaa upande. Alitaka kwenda kumsaidia, askari wa kike akamshika mkono kwa upole, na upole ule ulimuumiza kuliko angesukumwa.

"Usiogope," Hafidh alisema. "Mpeleke mtoto skuli."

"Wamekuja kutafuta nini, Hafidh?"

"Sijui. Wallahi sijui. Mpeleke mtoto skuli."

Walimchukua Hafidh, wakawatoa Thuwaiba na mtoto, wakaikalia nyumba nzima siku mbili. Walitoa maboksi mawili yaliyobaki, kompyuta, simu, madaftari ya Rehana ya chuoni, mpaka mkebe wa karafuu. Siku ya pili alipopandishwa juu kuchukua dawa ya pumu ya mtoto, alimkuta kijana mmoja wao amekaa ukingoni mwa kitanda chake anakula mkate wake wa mchana. Kijana aliinuka haraka, akaona haya, akapangusa makombo kwa mkono. Alikuwa mtoto wa watu tu. Lakini kitanda kilikuwa cha Thuwaiba.

Hapo ndipo alipoukumbuka mji wa utafiti wa Hafidh. Jioni nyingi alimsomea kuhusu mji ule wa mpakani baina ya Rumi na Fursi, nchi ya Waajemi, miaka mia na ushei kabla ya Hijra. Mfalme alipeleka askari waulinde. Kambi haikuwatosha, wakagawiwa majumbani na kwenye nyumba za watawa, na kila mwenye nyumba akatakiwa kutoa kitanda, mafuta na kuni. Watawa wakamwandikia liwali kwamba adui yuko nje ya ukuta, lakini wanaolala vitandani mwao ni walinzi. Hafidh akifika hapo alicheka mpaka akakohoa. "Watu wa ibada na askari," alikuwa akisema, "hawajapata kujua wakae vipi mji mmoja." Thuwaiba naye alicheka, kwa kuwa mji ulikuwa mbali na umekufa zamani.

*

Aliyewapokea ni Mama Surjit wa ghorofa ya saba, kizee cha Kisingasinga kilichozaliwa Kisumu na ambacho Kiswahili chake kilikuwa kimebaki kile kile cha dukani kwa baba yake. Alimlaza Rehana kitandani mwake, yeye akalala kwenye kochi.

"Wewe hapana lia mbele ya toto," alimwambia Thuwaiba jikoni. "Lia hapa. Hapa iko chai."

Thuwaiba alilia na kunywa chai. Kisha akamweleza habari ya foronya, mara ya kwanza kumweleza mtu, maana ilikuwa imemjia ghafla usiku kwamba labda ni hiyo. Mama Surjit aliweka kikombe chini.

"Lakini sisi pia hapana tupa! Kitabu yetu ikizeeka, gurdwara, hekalu yetu, nachukua, nachoma na heshima, kama mtu amekufa. Hiyo polisi hapana jua?"

"Watajuaje, mama?"

"Basi mimi nakwenda sema."

Na kweli alikwenda. Alivaa koti lake zuri, akapanda basi mbili mpaka kituoni, akawaeleza mapokezi kwa saa nzima habari ya vitabu vya Mungu na karatasi zake. Walimshukuru sana, wakaandika jina lake na anwani. Alirudi amejikunyata. "Wameandika jina yangu," alisema. "Kwa nini wameandika jina yangu?"

*

Siku ya nne walimwita Thuwaiba mwenyewe. Chumba kilikuwa kidogo na kina joto. Mpelelezi, mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, alikuwa amekaa baina ya watu wawili. Mmoja ni Kiran, msichana wa Kihindi aliyezaliwa Nakuru, mkalimani wa Kiswahili. Wa pili ni Mzee Samatar, Msomali aliyewahi kusomesha chuo cha Kurani, ambaye kazi yake Thuwaiba hakuielewa mpaka ilipoanza.

Mpelelezi alitoa karatasi kwenye mfuko wa plastiki. Ilikuwa imeopolewa mferejini, imekauka na kujikunja, lakini mwandiko wa Hafidh ulikuwa pale pale. Kumbe mkalimani wao wa Kiarabu alikuwa ameshindwa: herufi anazijua, maneno hayajui, akaandika kwamba huenda ni lugha ya siri. Kiran naye maneno angeyajua, herufi hazijui. Kwa hiyo walikuwa wamewaweka pamoja. Mzee Samatar anatamka asichokielewa, Kiran anasikiliza na kufasiri asichoweza kukisoma.

"Lango... la kusini," Mzee Samatar alitamka, kidole juu ya mstari. "Asikari... mia sita."

"Lango la kusini, askari mia sita," Kiran alimfasiria mpelelezi.

"Lango la masha... mashariki. Mia mbili. Wanalala..."

"Wanalala nyumba ya watawa," Thuwaiba alisema. Lilimtoka tu, kama anavyomsahihisha Rehana akisoma.

Mpelelezi aliinua mkono. Kiran akamwambia, "Mama, amesema usimsaidie. Afadhali wasome wenyewe."

"Lakini mimi naweza kuzisoma zote. Kwa saa moja tu. Nipeni."

"Wewe ni mke wake, mama. Haiwezekani."

Basi akawasikiliza wakihangaika. Ukuta mbovu upande wa mto. Walinzi hubadilishwa jua likizama. Chakula cha siku arubaini. Kila mstari uliotoka kinywani mwa Mzee Samatar ulizidi kuwa mbaya, na Thuwaiba alianza kuusikia kama wanavyousikia wao. Jasho lilimtoka chini ya mtandio.

"Anauliza mji huo uko wapi," Kiran alisema.

"Ulikuwa mpakani mwa Rumi na Fursi. Miaka elfu moja na mia tano imepita."

"Anauliza mumeo aliwahi kwenda huko lini."

"Hajapata kwenda. Ameusoma tu."

Mzee Samatar alikohoa, akatazama meza. Alikuwa amekwisha kuelewa, maskini, lakini hakuajiriwa kuelewa.

Kisha mpelelezi aliziweka karatasi pembeni, na sauti yake ikashuka zaidi. Nani alimwambia azitupe? Thuwaiba alieleza yote, Bismillahi, boksi la msikitini, ukungu, foronya, mawe. Kiran alifasiri kwa uangalifu. Wakamwuliza tena: nani alimwagiza?

"Hakuna aliyeniagiza. Hafidh hata hajui kama zimetupwa. Nilimficha."

"Una uhakika? Anasema ufikirie vizuri."

"Nimefikiri. Hajui. Kosa langu mimi peke yangu, yeye hajui kitu."

Walimwuliza mara tatu, na mara tatu alijibu hivyo hivyo, kwa nguvu, moyo wake ukipata nafuu kila akijibu. Alijua anamwokoa mumewe. Mpelelezi alimtazama askari mwenzake aliyekuwa amekaa nyuma, kando ya ukuta, akaandika kwa muda mrefu. Mwisho akauliza kama yuko mtu yeyote wa msikitini anayeweza kuthibitisha kwamba boksi kama hilo lilikuwepo.

"Yupo," alisema Thuwaiba. "Bwana Haidari."

*

Bwana Haidari alikuwa anakaa Handsworth, nyumba ya matofali mekundu, nyuma ya maduka ya Soho Road. Mkewe alifungua mlango, akatazama nyuma ya Thuwaiba barabarani kabla ya kusema karibu. Aliletewa sambusa. Jumapili ya kisomo ilikuwa imeshapita. Wenziwe walikuwa wamekutana kwa mtu mwingine, na hakuna aliyempigia simu. Hakulitaja hilo. Alichotaka ni barua tu, mistari mitano: boksi lilikuwepo, Bwana Haidari aliliondoa, na kutia karatasi majini ni ada yao.

"Shemegi," Bwana Haidari alisema, "mimi Hafidh ni mdogo wangu. Usiku silali."

"Najua. Basi iandike."

"Hebu nifahamu. Nikiandika boksi lilikuwepo, watauliza liko wapi. Nikiwaambia nimeliondoa, watauliza kwa nini. Nitawajibu nini? Kwamba niliogopa? Mtu asiye na kitu anaogopa nini? Ndivyo watakavyosema. Kesho wako msikitini na viatu vyao, na madarasa ya watoto yanafungwa."

"Uliogopa kweli."

"Niliogopa," alisema, na macho yake yakawa mekundu. "Na bado naogopa. Nina watu mia tatu pale, shemegi. Wengine karatasi zao za uhamiaji hazijakaa sawa. Wewe una mmoja."

"Mimi huyo mmoja ndiye niliye naye."

Alisema hivyo na hasira zikamwisha, kwa kuwa alimwona yule mzee amejikunja kwenye kiti chake mwenyewe, mtu aliyeoza meno kwa halua za harusi za watu na kuwazika watu, leo hana uwezo wa kuandika mistari mitano. Mkewe alimfungia sambusa zilizobaki kwenye karatasi ya jikoni. Mlangoni alimnong'oneza, "Na Rehana usimlete chuo kwanza, mwanangu. Mpaka mambo yatulie." Thuwaiba aliitikia hewala. Na sambusa alizipokea.

Kazini nako, kwenye nyumba ya wazee huko Stechford, meneja alimwambia apumzike wiki mbili, "kwa ajili yako mwenyewe." Wazee wenyewe walikuwa wakimwulizia.

*

Hafidh alirudi siku ya kumi, Jumamosi mchana, kwa teksi, hana mashtaka. Walimpa na karatasi iliyosema hivyo. Rehana alimrukia shingoni. Thuwaiba alingoja mpaka mtoto aende kucheza kwa Mama Surjit, akapiga magoti mbele ya mumewe akamweleza: ni yeye aliyezitupa, ni ukungu, ni kisomo, amsamehe.

Hafidh alifumba macho.

"Ndani ya foronya," alisema. "Na mawe."

"Ili izame. Ili isivunjiwe heshima."

"Basi. Nimesamehe. Tusiyataje tena."

Na kweli hayakutajwa. Kompyuta ilibaki kwa polisi mpaka katikati ya Januari, pamoja na sura mbili za mwisho ambazo hazikuwa na nakala. Viza yao ilikuwa inakwisha na mwaka. Hafidh aliomba aongezewe miezi sita tu. Profesa wake alimwandikia barua nzuri, akaeleza kwamba mji ule ni wa kale na askari wake ni mifupa. Walingoja. Hafidh aliandika upya kwa mkono, kwa herufi za Kizungu, polepole, akifuta sana, na mara nyingine Thuwaiba alimkuta kalamu imesimama na yeye anamtazama. Akimwuliza, husema amechoka.

Barua ya uhamiaji ilikuja mwezi wa pili. Hafidh aliisoma kimya, akaikunja, akasema, "Wamekataa."

"Wamesema kwa nini?"

"Wamekataa tu."

Lakini barua ilikuwa kurasa nne, na watu hawaandiki kurasa nne kusema hapana. Thuwaiba aliichukua. Kiingereza chake cha nyumba ya wazee kilikuwa kizuri kuliko Hafidh alivyodhani. Alisoma akiwa amesimama. Ukurasa wa tatu aliurudia mara mbili, kidole kikifuata mstari.

"Hapa wanasema wewe ulikiri," alisema. "Kwamba wewe ndiye uliyeniagiza nikazitupe."

Hafidh alivuta kiti, akakaa.

"Wanasema mume anasema alimwagiza, mke anasema mume hajui. Hawawezi kuwa wote wanasema kweli. Wanasema mmoja wetu anaficha jambo, na mtu wa namna hiyo hawamtaki nchini mwao." Aliinua uso. "Hafidh, kwa nini ulisema uliniagiza? Hukuniagiza."

"Walinionyesha picha," alisema Hafidh. "Siku ya kwanza. Picha ya foronya tu, imefungwa, iko juu ya nyasi inachuruzika maji. Na mawe matano pembeni. Hawakunionyesha kilichomo. Waliniuliza, mkeo alikuwa anazamisha nini? Wakili alinikonyeza nisijibu. Nikaona nikinyamaza watakuja kukuchukua wewe. Nikasema ni mimi, nimemtuma mimi, yeye hajui kilichomo. Baadaye wakanionyesha karatasi zangu mwenyewe. Nikawa nimeshasema."

"Ulitaka kunikinga."

"Ndiyo."

Moyo wa Thuwaiba ulijaa, na kwa nukta moja ilimjia kumshika kichwa na kumbusu, mtu huyu aliyejitia kitanzi kwa ajili yake. Kila mmoja alijitia mbele ya mwenzake, na hilo ndilo lililowaponza. Alinyoosha mkono. Kisha mkono ukasita, kwa kuwa alikuwa amekwisha kusikia kitu kingine ndani ya maneno yale.

"Unikinge na nini?" aliuliza. "Ulijua sina kosa, ungewaambia tu, mwulizeni mke wangu, atawaeleza."

Hafidh alitazama dirishani. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya mji.

"Tazama kwangu. Siku zile ulipokuwa mle, ulidhani nimezamisha nini?"

"Wallahi sijui, Thuwaiba. Mtu ukifungiwa peke yako... wanakuuliza usiku na mchana... Nilidhani mambo mengi."

"Niambie moja."

Hafidh alirudisha macho dirishani.

Thuwaiba aliiweka barua mezani, akaipanga kurasa zake nne sawasawa. Kutoka chini ilisikika sauti ya Rehana akipanda ngazi anaimba wimbo wa skuli. Walikuwa wamepewa siku ishirini na nane waondoke, na wao wawili walikuwa na kitanda kimoja.